Spika za Mdogo Wangu, Sakafu ya Mama

Mama yangu hakuogopa kelele. Hilo lieleweke kwanza, maana mdogo wangu aliwatangazia watu kwamba mama amezeeka, hataki muziki, anataka nyumba iwe kimya kama ya msiba. Si kweli. Mama ameimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu mimi sijazaliwa, na tarumbeta za kanisani zikipulizwa alfajiri ya Pasaka, yeye ndiye wa kwanza kutoka nje na kanga begani. Alichoogopa mama ni sakafu.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Tulikuwa tumehamia kwa mdogo wangu muda si mrefu. Mama alikaa chini sebuleni, miguu ameinyoosha, sinia la maharage liko sakafuni mbele yake, anachambua. Mdogo wangu akawasha spika zake. Maharage yakaanza kutembea. Yalitembea kweli, yakajikusanya upande mmoja wa sinia kama kuku walioona mwewe. Mama akayatazama. Akaweka kiganja sakafuni taratibu, kama unavyomgusa mtoto paji la uso ukitaka kujua kama ana homa. Halafu akainuka, akatoka bila viatu, nje mvua inanyesha, akaenda kusimama katikati ya kabichi.

Mdogo wangu alimfuata mpaka mlangoni.

"Mama, rudi ndani! Ni besi hiyo!"

"Nimesikia."

"Ni muziki tu, mama. Ni mlio mzito."

"Mlio nausikia kwa masikio," mama akajibu kutoka kwenye kabichi. "Huu umeniingilia miguuni."

Mdogo wangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua anachosema.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya bonde, chini ya msitu, ukiwa unapanda kwenda Magamba. Baba aliijenga, akafariki, nikabaki nayo mimi na mke wangu na binti yetu, pamoja na mama. Mwaka huo masika yalikuja vibaya, mvua haikupumua, na asubuhi moja watu wanakunywa chai mlima ukashuka. Mama alikuwa jiko la nje anachochea moto. Mimi nilikuwa bandani nakamua. Kabla hakijaonekana chochote, kabla ya mlio, nilihisi ardhi inanitetemesha magoti pale nilipochuchumaa. Nikadhani ni ng'ombe amehama mguu. Nikamwambia atulie. Yeye alikuwa ametulia.

Udongo ulinizika mpaka kifuani. Ng'ombe ndiye aliyelizuia paa, akafa ameniegemea, joto lake nalikumbuka. Jiko la mama halikuguswa, udongo ulipita ubavuni mwake. Nyumba haikuwepo tena. Mdogo wangu alipopata habari alikuja mbio kutoka mjini alikokuwa amekwenda, akachimba na wenzake mchana kutwa, na jembe lake ndilo lililomfikia mke wangu. Binti alikuwa kifuani kwake.

Watu wakaniambia nimshukuru Mungu kwa kunusurika. Nikasema ndiyo, namshukuru. Mtu akiwa amesimama mbele yako na machozi, amekuletea sukari na majani ya chai, utamjibu nini?

Kwenye mazishi ikasemwa ni mapenzi ya Mungu. Mimi nina darasa la tano, lakini najua Mungu hashiki msumeno. Msumeno aliushika mwenye mashine ya mbao, yule anayekaa mjini na kutuma vijana wapande juu yetu wakate miti, mikulo na miwati, mpaka upara ukaonekana kutoka barabarani. Aliyemfungulia njia ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Na yuko bwana misitu aliyekuwa akipita na pikipiki, akifika pale kwenye magogo anageuza shingo kutazama mapeasi ya watu. Majina siandiki. Nimeshauriwa nisiandike. Lakini wakisoma hapa watajikuta wamekaa. Mwenyekiti ndiye aliyesoma salamu za rambirambi, tena kwa sauti nzuri.

Na mdogo wangu naye namtaja, hata kama nimekula ugali wake.

Huku kwetu tambarare hakuna. Anayetaka nyumba anaukata mlima kwa nyuma, udongo anausukuma mbele, kiwanja kinapatikana. Wazee walikata kidogo, wakajenga nyumba nyembamba iliyolala kuufuata mlima. Mdogo wangu aliendesha lori Tanga miaka mingi, akarudi na akili ya sebule kubwa. Alikata mpaka ukuta wa udongo nyuma ya nyumba ukalipita paa. Kifusi akakimwaga mbele, vijana wakakishindilia kwa magogo, na kabla hakijaonja hata masika ya mwaka mmoja kikamwagiwa zege. Kwa hiyo vyumba vya nyuma vilikaa juu ya mlima, lakini sebule na chumba alichopewa mama vilikaa juu ya kifusi. Kifusi kikashuka chini kwa chini, sakafu ikabaki juu, katikati pakawa na uwazi. Ukipiga kisigino pale sebuleni, sakafu inaitika.

Hapo ndipo akasimamisha spika. Ni mbili, za mbao, kila moja inamfika mtu kiunoni, alizinunua Tanga kwa mtu aliyekuwa anahama. Mwanzo alizitengenezea stendi za chuma kwa fundi wa kuchomelea, lakini muziki ukipanda zile stendi zilikuwa zinalia zenyewe, krrr, kama bati lililolegea. Mdogo wangu akakasirika. Akasema anataka stendi ambayo haitatikisika kama mlima usivyotikisika. Akaitoboa sakafu, akafunga nondo za stendi na nondo za sakafu, akasimamisha kisiki cha zege kushoto na kingine kulia. Spika akazikalisha juu yake bila kitu katikati, mbao kwenye zege. Watu walikuja kuona. Wakavipiga visiki mateke wakasema hapa umemaliza kazi.

Na kweli mlio wa krrr uliisha. Kila kilichokuwa kinatikisa stendi kikashuka kwenye nondo, kikaingia kwenye sakafu yenye uwazi chini yake, kikaenda mpaka kwenye miguu ya kitanda cha mama.

Msinielewe vibaya, alijaribu kupunguza sauti. Akiona mama amekaa vibaya, anapunguza. Wimbo ukifika anapoupenda, mkono unajiendea wenyewe. Na sitasema hakuwa na sababu. Siku moja tulikuwa tunapalilia karoti, nikamwambia, "Hivi huwezi kukaa bila hiyo redio yako hata siku moja?"

Alipalilia kwanza. Halafu akasema, "Kaka, pakiwa kimya nalisikia jembe."

"Jembe gani?"

"Kaka, usiniulize jembe gani."

Sikumuuliza tena. Lakini mama alikuwa amefika mahali pabaya. Muziki ukianza anatoka. Mvua, jua, ukungu, yeye yuko kwenye kabichi. Alikuwa ameanza kukohoa. Shemeji, mke wa mdogo wangu, akawa anamfuata na koti, mtoto wao mgongoni. Majirani wakawa wanapita juu wanasalimia, "Shikamoo mama, unalima na mvua hii?" Mama anaitikia marahaba, anainama anang'oa jani moja ili ionekane analima. Niliona nikimwacha hivyo atakufa kwa kifua, na atakuwa amekufa kwa sababu ya mlima uleule uliomkosa.

Nikamwambia mdogo wangu, muziki wako upige, mimi sikuzuii. Nipe ruhusa tu niutenge usiingie sakafuni.

"Utautengaje, kaka? Utauwekea geti?"

"Kitu cha katikati. Kati ya spika na zege pawe na kitu."

"Haya, fundi. Ukiniangushia spika utanijua."

Kipimo changu kilikuwa sinia la maharage. Naliweka sakafuni mlangoni mwa chumba cha mama, mdogo wangu anawasha, tunatazama. Kwanza nilikunja blanketi. Spika ikateleza, ikainama kama mlevi, shemeji akaidaka. Maharage yakatembea. Nikakata sponji la godoro bovu. Lile sponji ukilibonyeza kwa kidole ni laini, ukadhani litafaa, lakini uzito wa spika ulilikandamiza likawa kama karatasi, na kitu kilichokwisha kulala hivyo hakizuii tena. Maharage yakatembea. Nikashuka sokoni Lushoto kwa mshona makobazi, akanipa vipande vya tairi. Tairi ilisaidia kidogo: vikombe kabatini vikanyamaza. Lakini ule mguno wa chini kabisa, ndio adui wa mama, uliivuka tairi kana kwamba haipo. Mpira mgumu nao ni jiwe tu.

Mdogo wangu akawa amepata mchezo. "Leo unaleta nini, kaka? Ugali?"

Nilichokuja kukipata nilikipata kwa kuona toroli likishuka na mzigo wa viazi. Lenye tairi la upepo lilikuwa linaruka mawe na viazi vimetulia. Nyuma yake likaja la gurudumu la mbao, viazi vinarukaruka kama vinakaangwa. Nikatafuta mipira ya ndani ya toroli, iliyokwisha kuzibwa viraka, mmoja kwa kila spika. Nikaulaza juu ya kisiki cha zege, juu yake jiwe bapa pana, kisha spika. Mara ya kwanza nilijaza upepo ukajaa, ukawa mgumu, maharage yakatembea. Nikapunguza. Nikapunguza tena, mpaka ukisukuma spika kwa kidole inayumba polepole na kurudi, kama mama mjamzito anayetafuta pa kukaa. Hapo mdogo wangu akawasha.

Aliongeza. Akaongeza tena, ananitazama kwa jicho la ushindani. Muziki ulikuwa umejaa nyumba nzima, kifuani unausikia. Maharage yalikaa. Hata moja halikugeuka.

"Wee kaka!" akasema. Akapiga magoti akaweka sikio sakafuni. Akainuka na vumbi shavuni. "Umeufunga."

Shemeji akamwita mama kutoka kwenye kabichi. Mama akaja, akavua viatu vyenye matope, akasimama sebuleni kwa soksi. Alisimama kwa muda. Kisha akakaa kwenye kochi, na wimbo wa kwaya ulipofika akaingia na sauti yake ya pili, chini kidogo ya wenzake kama alivyozoea. Mdogo wangu akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo.

Ningekuwa mtu wa bahati ningeishia hapa.

Mama alikaa ndani majuma kadhaa. Kikohozi kikapungua. Alirudi kuchambua maharage palepale sakafuni, spika zinalia juu ya mipira yake. Vuli ikaanza. Na alasiri moja, muziki unapiga, mvua ina siku kadhaa haijakatika, nikaona mama ameacha kuchambua. Mikono ameiweka mapajani. Anatazama sinia.

Maharage yalikuwa yanatembea.

"Mipira imetoa upepo," mdogo wangu akasema haraka.

Nikainuka nikaisukuma spika. Ikayumba polepole na kurudi. Upepo ulikuwepo.

"Basi ni huo wimbo. Una besi sana."

Akazima. Kukawa na mvua tu kwenye bati. Sote tukatazama chini. Maharage machache, upande wa sinia uliokuwa unaelekea nyuma ya nyumba, yalitetemeka, yakatulia, yakatetemeka tena.

"Sasa niambie ni muziki," mama akasema.

Zamani alikuwa akiuliza hivyo tunamjibu ni muziki, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Jibu hilo mimi ndiye niliyelifunga kwa mipira ya toroli.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nikapanda juu ya ule ukuta wa udongo aliokata mdogo wangu, nikashika majani. Hatua chache kutoka ukingoni, nyasi zilikuwa zimeachana. Ufa umefuata mlima kutoka mwisho mmoja wa nyumba mpaka mwingine, na mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na maji yanateremka, nayasikia. Vijiwe vilikuwa vinakatika humo ndani na kudondoka, kila kimoja na pigo lake.

Mdogo wangu naye akapanda, akauona. Kesho yake akauziba kwa saruji. Ndiyo, kwa saruji, na mwiko, akaulainisha vizuri kama anapiga lipu. Nikamwambia unaupaka mlima poda. Akaniambia, "Nifanye nini, kaka? Niibebe nyumba?"

Tukaenda kwa mwenyekiti. Yuleyule. Alikuja na mwavuli, akatazama, akasema atawaita wataalamu, tusiwe na hofu, tusichimbe hovyo. Kisha akaingia ndani, akaziona zile spika zimekaa juu ya mipira, akazisukuma kwa kidole.

"Hii ni nini sasa?"

"Inazuia mtikisiko," shemeji akamwambia.

"Aisee! Kwangu nami uje unifungie," akaniambia. "Mama watoto analalamika vyombo."

Nilimtazama usoni, nikitafuta kama anajua anaongea na nani. Hajui. Au anajua na imeshapita kwake.

Mama hakuongea na mwenyekiti. Wakati sisi tuko huko nyuma, yeye alikuwa anafunga nguo zake kwenye kanga. Nikamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa."

"Jikoni kwangu," akasema.

Alikuwa anasema lile jiko la nje, ng'ambo ya bonde, lililoachwa na udongo. Lilikuwa bado limesimama, peke yake, pembeni ya lile kovu jekundu. Pale hakai mtu. Watu hata kuni hawaokoti pale.

Mdogo wangu akaja mbio akasimama mlangoni. "Mama, utakwenda kulala makaburini? Watu watanionaje?"

Mama akamjibu kwa Kishambaa, polepole, kama alivyokuwa akituongelesha tukiwa watoto wagonjwa. Alimwambia kwamba kule mlima umeshashuka, umemaliza. Huku bado. Akamwambia amchukue mkewe na mtoto waende wote, jiko litawatosha, wakibanana watapata joto.

"Nyumba yangu nimeijenga kwa mgongo wangu," mdogo wangu akasema. "Siiachi kwa sababu ya maharage."

Niliubeba mzigo wa mama tukavuka bonde. Nilitaka abaki ndani ya nyumba, kavu, kifua kipone. Kwa hilo nilipigana na sponji na tairi na mipira, na nilishinda, na ushindi wenyewe ndio uliomtoa. Sijui nilipaswa kufanya nini badala yake. Nimelifikiria hili sana na kila njia ninayoifuata inafika palepale.

Sasa tunakaa jikoni. Nimeongeza bati na kuziba upande wa upepo kwa mabanzi. Mama anakohoa, moshi haumsaidii. Pale mbele, kwenye udongo uliomfunika mke wangu na binti yangu, majani yameota, marefu na ya kijani kuliko popote, na sina ng'ombe wa kuyala. Wataalamu wa mwenyekiti hawajaja. Nasikia mwenye mashine ya mbao amehamia msitu wa upande mwingine.

Ukungu ukipanda, nyumba ya mdogo wangu hatuioni, lakini muziki unavuka bonde. Anaupiga kutwa. Zamani mama alikuwa akiusikia anakimbia. Siku hizi umeme ukikatika na muziki ukanyamaza, ndipo anapoinuka na kwenda kusimama mlangoni, kanga ameishika shingoni, mpaka urudi. Huku umeme hukatika kila mara, na mvua zikizidi ndiyo kabisa. Nimemwambia aache, anajichosha. Hasikii.

Jana nilimpigia mdogo wangu simu. Nilisikia spika nyuma yake.

"Ufa vipi?"

"Upo."

"Umeongezeka?"

"Kaka, nimesema upo."

"Mlete basi shemeji na mtoto. Wao tu."

"Hataki. Anasema akija huko ndiyo mwanzo wa kunizika."

"Basi njoo na wewe."

Muziki ukawa unaongea badala yake. Halafu akasema mvua ikipungua atafikiria, akaniuliza kama mama ana dawa ya kifua, nikamwambia inaisha. Akasema atamtuma mtu.

"Amesemaje?" mama akaniuliza.

"Anasema mvua ikipungua."

Mama akatazama nje. Haikuwa inapungua.